Hiyo Word ya saiba yako ni ya nani?

Nikuulize wewe mwenye saiba pale Magongo ama Mishomoroni: hiyo Word unayochapia watu CV ni yako kweli? Jibu twalijua. Fundi alikuja na flashi, akaweka ile ya kuvunjwa, ukampa chake, maisha yakaendelea. Halafu asubuhi moja wateja wamejaa mlangoni, skrini inatoa utepe mwekundu, na kuandika huwezi.

Haya, wataka kununua halali. Soma masharti kwanza. Microsoft 365 ni nyumba ya kupanga: usipolipa, faili utafungua na kuprinti, kuhariri sahau. Home & Student ya 2021 walipa mara moja, sawa, lakini ni ya nyumbani na shule. Biashara yataka Home & Business, na bei yake iko juu. Ile iliyokuja na laptopu ya ex-UK mara nyingi imefungwa kwa mashine hiyo hiyo. Mashine ikifa, nayo imekwenda. Office 2016 na 2019 zenyewe ziliachwa Oktoba 14, 2025, hazipati tena masasisho ya usalama. Na saiba ndiko flashi za mtaa mzima huingia!

Kesi nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Sasa kuna LibreOffice, iliyozaliwa 2010 kutoka OpenOffice. Ni bure, hata kwa biashara, weka mashine kumi ukitaka. (Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice ya Kiswahili tangu 2004, wakaiita Jambo. Sisi bado twasubiri fundi na flashi.)

Ila nisikudanganye, ina vituko vyake. CV iliyoandikwa kwa Calibri yaweza kuruka mistari. Weka fonti ya Carlito, vipimo vyake ni sawa. Mteja akitaka kutuma kazi, mpe PDF. Fomu ya Excel ya KRA ndiyo kichwa ngumu, kwa sababu inategemea makro. Wale wa ritani ya nil hawana shida, hiyo yajazwa mtandaoni moja kwa moja.

Mimi ningenunua leseni moja tu, ya mashine ya KRA, zingine zote LibreOffice. Jaribu Jumapili duka likiwa limepoa, na CV tano za zamani. Jedwali likiruka, lirekebishe kabla mteja wa Jumatatu hajaliona.