Kompyuta za Mifumo Mbalimbali na Kabrasha Moja

Mtu anayesimama Kamembe, katika wilaya ya Rusizi iliyokuwa zamani sehemu ya mkoa wa Cyangugu, huiona Bukavu ng'ambo kana kwamba ni mtaa wa jirani. Kati ya miji hiyo hupita mto Rusizi utokao ziwa Kivu. Huku ni Kinyarwanda, kule ni Kishi na lugha nyingine za Kongo. Lakini ifikapo saa ya kupatana bei ya samaki, watu wa pande zote mbili huhamia Kiswahili. Hakuna anayetakiwa kuiacha lugha ya mama yake. Kompyuta nazo huhitaji mapatano ya namna hiyo.

Nyumba nyingi za watumishi hivi leo zina kompyuta zaidi ya moja, na aghalabu hazilingani. Yumkini ya baba inatumia Windows, ya kijana aliye chuoni inatumia Linux, na ile aliyoileta shangazi kutoka Ulaya ni Mac. Vyeti vya watoto, picha za arusi na hesabu za nyumba vimetawanyika kote. Watu huvihamisha kwa flashi kutoka chumba hadi chumba, na virusi huhama pamoja navyo. Kumbe lingetosha kabrasha moja, au folda kama wengi waitavyo, lililowekwa katika mashine moja na kufunguliwa kwa nyingine zote.

Lugha ya mapatano hapa ni SMB. Ilibuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaichukua na kuieneza. Mashine za jamii ya Unix zilikuwa na lugha yao, NFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984. Apple nayo ilikuwa na yake. Aliyejenga daraja ni Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi huko Canberra, Australia. Kuanzia mwishoni mwa 1991 alisikiliza mazungumzo ya mashine yaliyopita katika waya, akayafumbua kidogo kidogo, mfano wa mgeni ajifunzaye lugha sokoni, kisha akaandika programu ya kuyajibu. Jina lake, Samba, alilipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno lile lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Programu hiyo hutolewa bure. Microsoft yenyewe ilikubali kuwakabidhi watengenezaji wa Samba maelezo kamili ya itifaki zake Desemba 2007 tu, baada ya shauri refu la Umoja wa Ulaya.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza mashine zote ziwe katika mtandao mmoja, yaani ziunganishwe na ruta moja. Katika Windows, mwenye kabrasha huingia kwenye sifa zake, sehemu ya kushiriki, akataja nani aruhusiwe. Mwenye Linux hufungua programu ya mafaili na kuandika smb:// kisha jina la mashine au namba yake, mkwaju, na jina la kabrasha. Mwenye Mac huandika maneno hayo hayo katika Finder, mahali pa kuunganisha na seva. Windows hupenda mikwaju miwili iliyolalia nyuma, \\, bila neno smb.

Hapo wengi hushikwa na uvivu, wakamruhusu kila mtu aingie bila neno la siri. Familia ya askari haihitaji kuelezwa maana ya lindo lisilouliza neno la zamu. Kila mwanafamilia apewe jina lake na neno lake, na asiyehitaji kuandika apewe ruhusa ya kusoma tu.

Tena yako matoleo ya SMB, na toleo la kwanza limezeeka vibaya. Mei 12, 2017, programu haribifu ya WannaCry ilipenya kupitia kasoro yake, ikafunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 na kudai fidia. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imetolewa tangu Machi, ila wengi hawakuiweka. Tangu mwishoni mwa 2017 Windows mpya haiji tena na toleo hilo likiwa tayari. Ndiyo sababu mashine kuukuu huweza kukataa kabisa kuonana na mpya. Fundi atakayeshauri toleo la kwanza lirudishwe asisikilizwe. Yafaa ile kuukuu ipewe mfumo mpya, au iachwe nje ya mtandao.

Limebaki suala la majina. Kwa Linux, "Hesabu" na "hesabu" ni mafaili mawili. Kwa Windows ni jina moja. Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza katika jina la faili, hivyo kijana akiliita faili lake "Kikao 12:30", baba huliona kwa jina lililovurugika. Kistari badala ya nukta mbili humaliza taabu hiyo.