Miti ya kibanja

Miti ya kibanja ni miti na mimea ambayo Wahaya wa wilaya za Bukoba na Muleba, katika Mkoa wa Kagera nchini Tanzania, huipanda kuzunguka nyumba zao. Kibanja (kwa Kihaya *ekibanja*, wingi *ebibanja*) ni shamba na ua kwa pamoja. Nyumba iko katikati na migomba inaizunguka; chini ya migomba hukua kahawa, maharage na magimbi, na juu ya yote husimama miti michache ya kivuli. Makaburi ya familia huwa humohumo. Kwa hiyo anayechagua mti wa kupanda karibu na nyumba yake hachagui pambo tu. Anauchagulia mgomba jirani, na jirani mbaya anaweza kupunguza chakula cha nyumba hiyo kwa miaka mingi.

== Rutuba inatoka wapi ==

Mji wa Bukoba ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania: hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hupungua kadiri mtu anavyoliacha Ziwa Viktoria kuelekea magharibi. Mvua hiyo ina gharama yake. Udongo wa huko, ambao kwa sehemu kubwa umetokana na mawe ya mchanga, una tindikali, na virutubisho vyake huoshwa upesi.

Weusi wa udongo wa kibanja ni kazi ya watu. Kwa vizazi vingi nyasi zilikatwa katika *rweya*, yaani uwanda wazi ulio nje ya makazi, zikatandazwa sakafuni mwa nyumba na chini ya migomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana na kurudi jioni, na samadi yao ikabaki nyumbani. Kibanja kilichokosa matunzo hayo hufifia, kikaitwa *kikamba*.

Mpango huo umelegea. Kaya nyingi hazina ng'ombe, na sehemu za rweya zimepandwa misonobari na mikaratusi kwa ajili ya mbao, nguzo na kuni, hivyo nyasi za kutandaza zimekuwa adimu. Kilichobaki karibu ni majani yanayodondoka kutoka miti ya kibanja chenyewe. Hapo ndipo uchaguzi wa mti unapokuwa na uzito kuliko zamani.

== Miti inayopatana na migomba ==

Mti unaofaa hupitisha mwanga, hudondosha majani yanayooza upesi, na huvumilia kupunguzwa matawi. Msizi (*Maesopsis eminii*), ambao Wahaya huuita *omuhumula*, hukua haraka na kunyooka, na kilele chake huwa juu mno kuweza kuisonga migomba. Hutoa mbao pia. Sifa hizo hazifai kila mahali: huko Amani, katika milima ya Usambara, mti huohuo uliopandwa na watu umeenea ndani ya msitu wa asili na kuhesabiwa mvamizi.

*Omushambya* (*Markhamia lutea*) una maua ya njano na huchipua tena ukikatwa, kwa hiyo hutoa fito za kuegemeza migomba yenye mikungu mizito. *Omutoma*, mti wa jamii ya mkuyu, hupandwa kwa kuchomeka kipande cha tawi. Magome yake ndiyo yaliyotengenezwa nguo kabla ya vitambaa vya dukani kuenea. Mgrivea, uliotoka Australia, unapendwa kwa mbao, ingawa majani yake huchelewa kuoza.

Mipakani hupandwa *omulamula* (*Dracaena*). Hauli nafasi, hukubali kuota kutoka kijiti kilichokatwa, na si rahisi kufa. Katika vijiji ambako shamba hurithiwa vipande vipande, mstari wake ni ushahidi ambao majirani wote wanauelewa.

Mwembe, mfenesi na mparachichi ni miti ya chakula na fedha, lakini kivuli chao ni kizito. Nafasi yao ni ukingoni. Mkaratusi haufai kabisa ndani ya kibanja: hunywa maji mengi, na mimea iliyo chini yake hudhoofika. Anayeuhitaji huupanda rweya, mbali na chemchemi.

== Kuchagua mgomba wenyewe ==

Zamani aliyeanzisha kibanja aliomba machipukizi kwa ndugu na majirani: ndizi za kupika kwa wingi, *embire* za pombe, na *gonja* za kuchoma. Desturi hiyo sasa ina hatari. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ulitambuliwa wilayani Muleba, na tangu hapo umeangamiza mashamba mengi. Huenezwa na machipukizi yenye ugonjwa, na panga lisilosafishwa, na wadudu wanaotembelea ua dume. Kwa hiyo chipukizi huchukuliwa kwenye shamba lisilo na dalili za ugonjwa, ua dume huvunjwa kwa kijiti cha panda bila kutumia kisu, na panga hupitishwa motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na mji wa Bukoba, hushughulikia migomba na magonjwa yake.

Umbali unaotumika sana kati ya migomba ni mita 3. Katika kila shina huachwa mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine hung'olewa.

== Wakati wa kupanda ==

Karibu na ikweta hakuna baridi kali ya kungojea iishe. Kinachongojewa ni mvua. Miche mingi hupandwa vuli zinapoanza, kuanzia Septemba au Oktoba, ili mizizi ipate pia masika ya Machi hadi Mei. Mche uliopandwa Mei hukutwa na kiangazi cha Juni hadi Agosti kabla haujashika ardhi. Huo hufunikwa shina kwa nyasi na kukingwa jua kwa majani makavu ya mgomba.