Mchana mwalimu, jioni mwanafunzi: na nyumbani je?

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ajabu ni kuwa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, wamo watu walioshika tatu, na kila upande unawatarajia wasiangushe hata moja. Asubuhi ni walimu, tena walimu wasiolipwa. Jioni ni wanafunzi wa chuo kikuu. Usiku ni akina mama, akina baba, au vifunguamimba ambao wadogo zao wanangoja karo kutoka kwao.

Hawa ni wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wenyewe huyaita TP. Wengi wao ni vijana wa shahada ya kwanza ya ualimu, na hao chuo huwaachilia muhula mzima washughulike na shule pekee. Leo, msomaji, nataka tuwatazame wale wengine. Mtu amekwisha pata shahada yake ya jiografia au hisabati, amezunguka mjini miaka miwili na bahasha ya kaki kwapani, kisha ameamua kurudi chuoni kuchukua stashahada ya uzamili katika elimu ili awe mwalimu. Hana njia ya mkato. Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ya mwaka wa 2012 haimruhusu mtu kufundisha kabla ya kusajiliwa, na bila mafunzo ya ualimu TSC haitamsajili.

Kufikia hapo aghalabu amepita miaka ishirini na mitano. Habebwi tena na bweni wala chakula cha chuo. Ana nyumba ya kulipia kodi Umoja au Donholm, pengine ana mtoto wa shule ya chekechea, na huenda kibarua kidogo kilichokuwa kikimweka mjini amelazimika kukiacha ili ayapate mazoezi hayo.

Ebu tuifuate siku yake moja. Saa moja na nusu asubuhi awe ameingia lango la shule, kwa maana mwalimu wa mazoezi akichelewa habari hufika kwa naibu wa mwalimu mkuu kabla yeye mwenyewe hajafika. Kipindi cha shule ya upili ni dakika arubaini, lakini dakika hizo arubaini zina mkia mrefu. Kuna azimio la kazi la muhula mzima, kuna andalio la kila somo, kuna rekodi ya kazi, na faili hiyo yote sharti iwe mezani siku mkaguzi kutoka chuoni atakapobisha mlango, ambayo mara nyingi ni siku asiyotarajiwa. Halafu kuna madaftari. Darasa la wanafunzi hamsini likiandika insha, na kila insha ikachukua dakika sita kusahihishwa, hizo ni saa tano kamili. Saa tano hizo hazimo katika ratiba yoyote ya shule. Zinatoka nyumbani, na kule nyumbani zinatolewa kwa mtu fulani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Watu husema mwanachuo wa namna hii anahitaji bidii. Bidii anayo, la sivyo asingerudi chuoni. Anachokosa ni saa, na mwizi mkubwa wa saa zake si shule wala chuo, ni barabara.

Chukua mkazi wa Buruburu, mtaa ule uliojengwa kwa awamu tano, ambaye masomo yake yako Kikuyu kwenye bewa la elimu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Atapanda matatu nambari 58 hadi mjini, avuke jiji kwa miguu, kisha atafute 105. Wa Umoja anayesomea Chuo Kikuu cha Kenyatta ana nafuu kidogo. Anaweza kufuata Outer Ring hadi Allsops na kuingia barabara ya Thika bila kuliona jiji, na tangu barabara hiyo kuu ilipofunguliwa mwaka wa 2012 safari imekuwa fupi kuliko zamani. Lakini mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, makanga hupandisha nauli papo hapo, na foleni ya Jogoo Road kwenye mzunguko wa City Stadium haina heshima kwa mtu mwenye mtihani.

Sasa ongeza juu ya safari hiyo shule iliyo mbali. Wanachuo wengi hupenda kufanyia mazoezi yao katika shule zenye jina kubwa, wakidhani jina hilo litawafaa baadaye. Tufanye hesabu. Mtu anayetumia saa mbili na nusu kila siku kwenda shule na kurudi, kwa siku tano, kwa muhula wa wiki kumi na tatu, atakuwa ametumia zaidi ya saa 160 akiwa ndani ya matatu. Jirani yake anayetembea dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi atatumia kama saa 43. Tofauti yake ni karibu saa 120. Ni saa za kutosha kusahihisha zile insha hamsini mara ishirini na nne.

Kwa maoni yangu shule ya karibu hushinda shule ya sifa, na Eastlands haina uhaba wa shule. Ofafa Jericho ipo, Aquinas ipo, Buruburu Girls ipo, Eastleigh High na Pumwani zipo, na mtaa ni mtaa ambao mtu wa Bahati au Maringo anaweza kuufunga kwa miguu. Mkaguzi wa chuo hatatoa alama kwa sababu ya lango la shule. Atatazama jinsi mwalimu anavyosimama mbele ya watoto na jinsi anavyowajibu.

Sikatai kwamba kufundisha mtaani mwako kuna gharama yake. Mwanafunzi uliyemwadhibu asubuhi ndiye atakayekukuta jioni kwa mama mboga ukikopa sukuma wiki. Mtoto wa mwenye nyumba atakuwa katika kidato chako, nawe una kodi ya mwezi uliopita. Wazazi watakuja mlangoni Jumamosi wakitaka uwafunze watoto wao kwa malipo, na pesa hizo zinavutia kweli kweli. Lakini saa mbili za masomo ya ziada kwa watoto wa jirani ni saa mbili zilizotoka katika kazi yako ya chuo. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na mwalimu anayetafuta usajili hana haja ya kuanza na doa.

Tuje sasa ndani ya nyumba. Eastlands si kitu kimoja. Nyumba ya Buruburu ina vyumba vya kulala na sebule, na mtu anaweza kufunga mlango akasoma. Nyumba za zamani za Baraza la Jiji katika mitaa kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, na Bahati, ni ndogo mno. Mahali pamoja hupikwa, hulaliwa, hutazamwa televisheni, na papo hapo mtu anatakiwa aandike kuhusu saikolojia ya elimu. Vibanda vya ploti za Kayole na Huruma vina kero yake nyingine, kwamba ukuta ni mwembamba na redio ya jirani ni yako pia.

Kwa bahati njema upande huu wa jiji una maktaba. Tawi la Maktaba ya Kitaifa liko Buruburu. Kaloleni na Makadara kuna matawi ya Maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa mjini mwaka wa 1931, na matawi hayo mawili yamekarabatiwa kwa ushirikiano wa kaunti na shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka wa 2017. Nenda Jumamosi asubuhi kabla ya wanafunzi wa sekondari kujaza viti. Mtu aliyefanya usahihishaji wake wote maktabani, akarudi nyumbani saa saba mchana na mfuko usio na madaftari, huwa ameipa familia yake nusu ya Jumamosi na Jumapili nzima. Yule anayerudi na madaftari huwapa mwili tu, macho yako kwenye wino mwekundu.

Kusoma huku mtu ana kazi si jambo geni kwa Nairobi. Tom Mboya, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji huku akisoma kwa njia ya posta na chuo cha Afrika Kusini, kabla ya kwenda Ruskin College mjini Oxford mwaka wa 1955. Mfano huo hutajwa sana kuwatia moyo vijana. Wanaoutaja husahau kwamba wakati huo Mboya alikuwa hajaoa, na hakuna mtoto aliyemvuta kanzu akitaka kuonyeshwa herufi.

Mwenye ndoa hana budi kuzungumza na mwenzake kabla muhula haujaanza, na mazungumzo hayo yawe ya mambo yanayohesabika. Nani atamchukua mtoto saa tisa? Nauli ya wiki ni kiasi gani, nayo itatoka wapi kwa kuwa shule haitoi hata senti? Ni mikutano ipi ya chama, matanga yapi ya mashambani na harusi zipi zitakazokosekana hadi Agosti? Wapo waume wanaosema "soma tu mama" siku ya kulipa karo, halafu wiki ya tatu wananuna kwa sababu chapati hazijapikwa. Wapo wake nao wanaodhani kwamba mume akiwa na vitabu mezani amepumzika. Hayo hayatokani na ubaya wa moyo. Yanatokana na ruhusa iliyotolewa bila mtu kuambiwa bei yake.

Nyumba nyingine hutupa mzigo wote kwa yaya au kwa binti mkubwa wa darasa la saba. Huyo binti hupika, huosha, huwalaza wadogo, kisha hulala bila kugusa kazi yake ya ziada. Mzazi anapata cheti cha kuwafundisha watoto wa watu huku wa kwake akishuka darasani. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi halionekani mpaka ripoti ya muhula iletwe nyumbani.

Kule ng'ambo mambo hupangwa tofauti. Uingereza, wanaochukua cheti cha ualimu baada ya shahada hukaa shuleni yapata wiki 24 katika mwaka wao mmoja, na serikali huwapa msaada wa fedha wanaochukua baadhi ya masomo yenye uhaba wa walimu, kama vile fizikia. Ufini tangu mwaka wa 1979 imewataka walimu wa shule wawe na shahada ya uzamili, na vyuo vikuu vina shule zao za mazoezi. Hapa kwetu wazee wanaokumbuka ile posho iliyoitwa "boom" watakuambia kwamba zamani mwanachuo alikuwa na kitu mfukoni. Posho hiyo iliisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 karo za pamoja zilipoingia, na tangu hapo mazoezi ya kufundisha yamegharamiwa na jamaa.

Halafu kuna wale wenye haraka, wanaotaka kuanza shahada ya uzamili kabla hata wino wa stashahada haujakauka. Kwao nina neno moja la kupoza. Tangu TSC ianze kutumia miongozo yake ya vyeo ya mwaka wa 2018, cheti cha juu pekee hakimpandishi mwalimu cheo moja kwa moja. Basi anayetaka uzamili kwa ajili ya elimu yenyewe, au kwa ndoto ya kufundisha chuoni, aendelee. Anayeutaka kwa nyongeza ya mshahara afanye hesabu upya. Na atakayeamua kuendelea, afadhali achague swali la tasnifu linalotokana na darasa analofundisha: kwa nini wanafunzi wa Dandora huanguka katika sehemu fulani ya hisabati, au jinsi Sheng inavyoingia katika insha za Kiswahili. Akiisha pata kibali cha utafiti kutoka NACOSTI na ruhusa ya shule, kazi ya mchana huilisha kazi ya usiku. Wanaochagua mada iliyo mbali na maisha yao ndio wanaokwama miaka na miaka katika sura ya tatu.

Kwa mwenye kunuia muhula wa pili, ambao ndio hutumiwa sana kwa mazoezi, barua ya kuomba nafasi ifike shuleni Februari au mapema Machi. Apeleke mwenyewe, kwa miguu, ili ajue safari ni dakika ngapi. Amuulize naibu wa mwalimu mkuu ni vipindi vingapi kwa wiki na kama kuna zamu za Jumamosi, maana kuna shule zinazomtwika mwalimu wa mazoezi vipindi vya mwalimu aliye likizoni, na ni rahisi kukataa mwezi wa Machi kuliko mwezi wa Juni.