Ufa wa Mshazari: Neno "Kukata" katika Boriti za Zege

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko ya ardhi yalifuata kwa siku kadhaa, na nyumba nyingi za hapa Gisenyi na za Goma zikapata nyufa. Sisi wengine tulisema tu kwamba nyumba imepasuka. Fundi huuliza kwanza: ufa umelala vipi?

Ufa wa wima katikati ya boriti, upande wa chini, hutokana na kupinda. Boriti yenye nondo za kutosha hubonyea kwanza, watu wakapata nafasi ya kutoka. Ufa wa mshazari karibu na nguzo ni habari nyingine. Huo hutokana na nguvu ya kukata, na boriti huweza kuvunjika ghafla.

Istilahi "kukata" inafaa, ila inapotosha kidogo, kwani humfanya msomaji afikirie makasi na karatasi. Katika boriti, nguzo husukuma juu na mzigo husukuma chini. Zege lililo kati yake huvutwa kimshazari. Zege hustahimili sana kubanwa, lakini likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana mafundi huzungushia nondo ringi za chuma. (Hapa mpakani utasikia pia "beto" na "ferabeto", kutoka Kifaransa. Sioni sababu ya kuwakosoa.)

Tangu miaka ya 1990 lipo zege ambalo napendekeza tuliite zege la nguvu ya juu kabisa. Halina kokoto, lina saruji nyingi, mchanga laini, maji machache na nyuzi fupi za chuma. Daraja la waenda kwa miguu la Sherbrooke, Kanada, lilijengwa kwa zege la jamii hiyo mwaka 1997. Zege la kawaida la nyumba hustahimili megapaskali 20 hadi 30 likibanwa. Hili hupita 120. Lakini kwa ufa wa mshazari, nyuzi ndizo zenye kazi: hushika kingo mbili za ufa unapoanza kufunguka, kama mshono.

Kwa kuwa ni ghali, wahandisi huweza kuongeza tabaka lake jembamba kwenye boriti ya zege la kawaida, nayo ikawa boriti mseto. Uso wa zege la zamani usipokwaruzwa vizuri, tabaka huteleza, na nguvu iliyotarajiwa haipatikani. Kwa hiyo kitenzi "kupaka" hakifai katika tafsiri hapa. Tabaka hilo huunganishwa.