Gari linalohisi mvua, na vumbi la njia ya Dilolo

Dilolo. Mvua ilitukuta tukiwa tumeiacha Mutshatsha nyuma, jua likizama. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na machache, yakaangukia kioo kilichokuwa kimebeba vumbi jekundu la kutwa nzima. Yaya yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, hakugusa kitu. Kijiti cha waipa cha gari lake kimeandikwa AUTO, na ni mambo kama hayo yaliyomfanya alipende gari lile. Tukangoja. Waipa, au esuiglasi kama tunavyosema hapa Lualaba, hazikuondoka. Kisha zikapiga mara moja tu, zikatandaza tope kioo kizima, zikalala tena.

Kwa sekunde nne au tano hatukuona barabara kabisa. Ndani tulikuwa watu watano, mmoja mtoto wa miaka mitatu, tunakwenda matanga Dilolo. Yaya alipokumbuka kukishusha kijiti kwa mkono na kumwaga maji ya kuoshea kioo, tukaona lori limesimama kando ya njia bila taa, sehemu ya nyuma ikiwa bado barabarani. Alilikwepa. Hakuna aliyezungumza mpaka Kasaji.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza habari za kifaa hiki, kwa sababu magari yenye kukibeba yanazidi kuonekana Kolwezi. Mengi ni ya mkono wa pili. Yapo yanayotoka Japani, yanashushwa Dar es Salaam, yanapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Yapo pia yanayotoka Ulaya. Ya Japani huja na usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha kwa kulia, na kijiti cha waipa kiko mkono wa kushoto, pale ambapo dereva wetu amezoea kukuta cha indiketa. Ndiyo maana utamwona mtu Kolwezi mjini anakata kona jua likiwaka, na waipa zinacheza. Tukicheka tunamwambia anafagia jua. Skrini nayo mara nyingi inaongea Kijapani, kwa hiyo mipangilio iliyowekwa na mwenye gari wa kwanza inabaki ilivyo.

Kifaa chenyewe si cha ajabu sana. Waipa ni za zamani. Mary Anderson wa Marekani alipewa hataza ya waipa yake mwaka 1903, na hiyo ilivutwa kwa mkono kutoka ndani. Mwaka 1970 Wafaransa wa Citroën walitoa gari la SM ambalo waipa zake zilijua kiasi cha mvua kwa kupima umeme unaoliwa na mota: kioo kikikauka, mpira unakwama na mota inavuta umeme zaidi. Magari ya leo mengi hutumia mwanga. Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma kuna kijisanduku kilichobanwa kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Kinarusha ndani ya kioo, kwa mshazari, mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni. Kioo kikiwa kikavu, mwanga karibu wote unarudi kwenye kijisanduku. Tone likikaa pale juu, sehemu ya mwanga inapenya kwenye maji na kutokea nje, unaorudi unapungua. Kompyuta ndogo inapima upungufu huo na kuamua waipa zipige lini na kwa kasi gani.

Mahali panapopimwa ni padogo kuliko kiganja cha mkono. Hilo nilitamani yaya angelijua kabla ya safari. Kihisi hakioni anachokiona dereva. Matone kumi yanaweza kuanguka mbele ya macho yako na hata moja lisiguse kiganja kile. Mjini si kitu, kwa sababu kioo ni safi na unaweza kungoja sekunde mbili. Kwenye kioo chenye vumbi la Lualaba, tone la kwanza ni tope. Halafu kuna kinyume chake: tope jembamba likibaki pale juu ya kihisi, kinaweza kudhani bado ni mvua, na waipa zikaendelea kusugua vumbi juu ya kioo kikavu. Vumbi letu lina mchanga ndani yake. Misimu michache tu, kioo kinajaa mikwaruzo, na usiku kila taa inayokuja inatawanyika machoni.

Lakini kwa gari la yaya vumbi halikuwa peke yake. Wanaopita kila siku njia ya Likasi na Lubumbashi nyuma ya malori ya shaba na kobalti wanaujua mlio ule mfupi wa jiwe kwenye kioo. Lake lilipigwa mwaka uliopita, ufa ukatembea hadi pembeni, kioo kikabadilishwa katika garaji moja ya Kolwezi. Kati ya kihisi na kioo kunakuwa na kipande laini cha jeli ya silikoni, kazi yake ni kuzuia hewa isikae katikati, maana hewa inauharibu ule mwanga. Kioo kikibadilishwa, kipande kile nacho kinatakiwa kiwe kipya. Fundi alikirudisha cha zamani. Tulikigundua matangani Dilolo, asubuhi, mjomba mmoja aliyewahi kuendesha malori akiwa amesimama mbele ya gari na tochi ya simu: povu la hewa, kama jicho la samaki, katikati kabisa ya kihisi. Akamwambia yaya, kwa upole lakini watu wakisikia, kwamba gari lilikuwa linaangalia kwa jicho lenye mtoto wa jicho.

Jeli ya namna hiyo Dilolo haikupatikana. Kuvuka hadi Luau, upande wa Angola, kwa ajili ya kipande cha silikoni ilionekana ni mzaha, na safari ya kurudi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400. Ukizima AUTO unabaki na nini? Katika magari mengi AUTO imechukua nafasi ya ile hatua ya zamani ya kupiga na kupumzika. Ukiitoa, unabakiwa na mwendo wa kawaida na wa haraka tu, kwa hiyo kwenye manyunyu unapandisha na kushusha kijiti kwa mkono kama zamani.

Jambo ambalo linanitisha zaidi ni taa. Kijisanduku kile kile mara nyingi kina pia kihisi cha mwanga, kinachowasha taa za mbele giza likiingia. Hicho kinapima mwangaza, hakipimi umbali unaoweza kuona. Mwezi wa Agosti saa nane mchana, ukiwa ndani ya wingu la vumbi la lori, mbingu bado inang'aa na taa zako zinabaki zimezimwa. Dereva anaamini gari limewasha. Anayekuja mbele haoni kitu. Katika mvua ya mchana mambo yanaweza kuwa hayo hayo, ingawa yapo magari yanayowasha taa waipa zikianza kupiga.

Na waipa zenyewe: kihisi kizuri kiasi gani hakijui kama mpira umekufa. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, haziguswi, zinachomwa na jua, na mvua ya Oktoba ndiyo inayokuonyesha. Yule mjomba alitusimulia walivyokuwa wakisugua kioo kwa tumbaku mbichi ili maji yateleze. Yaya alicheka, lakini alinunua mipira mipya sokoni.

Vijana wanaoosha magari stendi wana malalamiko yao. Ukiacha funguo imewashwa na kijiti kiko kwenye AUTO, kitambaa chao chenye maji kikigusa pale juu, waipa zinaruka na kuwapiga vidole. Sasa wengine wanauliza kwanza, wakiashiria kwa kidole juu ya kioo: imezimwa?

Tulirudi siku ya nne. Kabla ya kuondoka yaya aliosha kioo kwa sabuni, nje na ndani, akajaza maji ya kuoshea, akawasha taa mwenyewe na kukitoa kijiti kwenye AUTO. Mvua ilianza kabla ya Kasaji. Mtoto, aliyekuwa amekaa katikati, ndiye aliyeiona kwanza. Akapiga kelele "Mvula!" na mkono wa yaya ulikuwa tayari kwenye kijiti.