Kupima Mionzi Apewayo Mgonjwa wa Saratani ya Titi

Mwanamke aliyekwisha kupasuliwa uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hupewa tiba ya mionzi, ili seli za ugonjwa zilizosalia ziangamizwe. Lakini mionzi haibagui: seli zenye afya nazo hudhurika. Ikipungua, ugonjwa waweza kurudi. Ikizidi, ngozi, mapafu na moyo huumia. Kwa hiyo kiasi chake hakina budi kujulikana kwa usahihi mkubwa.

Kizio cha kiasi hicho ni grei, kilichopewa jina la mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray. Grei 1 ni nishati ya jouli 1 inayofyonzwa na kilo 1 ya mwili. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kutoa grei 50 kwa mafungu 25, yaani grei 2 kila mara. Nishati ya grei 2 ingepasha maji joto kwa nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya digrii sentigredi. Mgonjwa hahisi kitu, na kipimajoto cha kawaida hakionyeshi kitu.

Wanafizikia basi hutumia fuwele za lithiamu floraidi zilizotiwa magnesiamu na titaniamu kidogo sana. Kila kipande kina upana wa milimita 3 hivi, na unene wake haufiki milimita 1. Mionzi ipitapo, hung'oa elektroni mahali pake, na baadhi yake hunaswa katika mitego iliyofanywa na nyongeza hizo. Hukaa humo mpaka kipande kipashwe joto la digrii 250 hivi. Hapo hufunguliwa, na mwanga hafifu hutoka. Mwanga huo hupimwa, kisha hulinganishwa na ule wa vipande vilivyopigwa mionzi ya kiasi kinachojulikana.

Yaweza kuulizwa: kwa nini kupima, ikiwa hesabu imekwisha fanywa? Hesabu hutegemea picha zilizopigwa kabla ya tiba. Mgonjwa mwenyewe hupumua, hujisogeza, na titi hubadilika umbo siku hadi siku. Vipande vikibandikwa juu ya ngozi, huonyesha mionzi iliyofika kweli. Vikihitilafiana mno na hesabu, sababu hutafutwa kabla ya fungu lifuatalo.

Moyo haubandikwi kipande. Kiasi kiufikiacho hukadiriwa kwa hesabu. Hata hivyo, vipimo vya ngozini husaidia kuonyesha kama tiba imetolewa jinsi ilivyokusudiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, juu ya wanawake 2,168 waliotibiwa Uswidi na Denmaki kati ya 1958 na 2001, ulionyesha kwamba kila grei 1 ya wastani iliyofika moyoni iliongeza hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Ndiyo sababu siku hizi, katika hospitali nyingi, mgonjwa wa titi la kushoto huombwa avute pumzi na kuizuia kwa muda: mapafu hujaa, moyo husogea mbali na ukuta wa kifua, na miale hupita pembeni mwake.