Kabla Unguja Haijawa Kisiwa

Miaka 20,000 hivi iliyopita, mtu angeweza kuanza safari mahali ilipo Bagamoyo leo na kufika Unguja kwa miguu. Maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, na bahari ilikuwa imeshuka zaidi ya mita 100, ilhali mkondo unaotenganisha Bagamoyo na Unguja sehemu kubwa haufikii hata nusu ya kina hicho. Ushahidi umo ndani ya pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambako Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mwaka 2005, na timu nyingine ikarudi mwaka 2012. Katika tabaka za chini zimepatikana zana za mawe pamoja na mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao hawakuvushwa na chombo chochote; walitembea wakafika, na watu vilevile.

Jambo hili halijaingia katika simulizi tunayojipa kuhusu mwambao. Mgeni wa Bagamoyo huonyeshwa magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868, njia ya misafara na Boma la Wajerumani, yaani historia ya watu waliofika, ama kwa jahazi kutoka ng'ambo, ama kwa misafara kutoka bara. Ikija zamu ya asili ya binadamu tunapanda Olduvai na Laetoli, na pwani inaachiwa kazi ya barabara. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba wazee wetu walitoka Afrika wakiambaa ufukwe, wakila kombe na kaa, hadi Bahari ya Shamu na Uarabuni. Wana hoja: huko Abdur, Eritrea, zana za mawe zimekutwa ndani ya mwamba wa matumbawe wenye umri wa miaka 125,000 hivi. Lakini barabara haielezi watu wake walikuwa wakiishi wapi. Ninachoona mimi, kwa ushahidi uliopo, ni kwamba mwambao huu ulikuwa makazi kabla ya kuwa njia, na ndivyo unavyopaswa kutafitiwa.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Kilifi, Kenya, katika pango la Panga ya Saidi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Mwaka 2013 wakaona vipande vya mfupa. Mwaka 2017 wakalifikia shimo lenyewe, takribani mita tatu chini ya sakafu ya pango. Mifupa ilikuwa laini kiasi cha kusagika ikiguswa, kwa hiyo bonge zima la udongo likafungwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi na baadaye Burgos, Uhispania, likachambuliwa kidogo kidogo. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature Mei 2021: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, miaka 78,000 iliyopita. Jinsi mabega yalivyobanwa inaonyesha alikuwa ameviringishwa katika kitu kama sanda, na jinsi kichwa kilivyoinama inaonyesha kililazwa juu ya mto uliokwisha kuoza. Watafiti walimwita Mtoto. Hakuna kaburi la kale kuliko hili, la watu wa aina yetu, linalojulikana barani Afrika. Wapitaji nao huzika wafu wao, hilo nalikubali, na kaburi peke yake lisingetosha. Linalotosha ni kwamba tabaka za pango lile zinaonyesha watu wakirudi na kurudi kwa makumi ya maelfu ya miaka, hali ya hewa ikibadilika na wao wapo.

Chakula chao nacho kina neno. Bahari ilikuwa kilomita 15 tu, na walitoboa makombe ya baharini wakafanya shanga, lakini mabaki ya samaki na kombe walizokula ni haba. Waliishi kwa msitu na mbuga zilizopakana nao. Picha ya watu wanaofuata ufukwe kwa sababu ya riziki ya ufukwe haikai sawa hapa. Walioishi Kilifi waliijua bahari bila kuitegemea.

Atatokea wa kusema kwamba pango moja si mwambao mzima. Ni kweli, na Kuumbi yenyewe inatuonya: madai ya awali kwamba kuku walifugwa pale maelfu ya miaka iliyopita hayakuthibitishwa na uchimbaji wa pili. Mwingine atasema Mtoto amechelewa mno kwa mjadala huu, kwa kuwa taya la Misliya, Israeli, lina miaka isiyopungua 177,000, na fuvu la Apidima, Ugiriki, linakadiriwa kuwa na 210,000. Lakini hao waliotoka mapema hawatuelezi habari za waliobaki, na waliobaki ndio wengi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni ukimya wa pwani yetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga. Ukimya huo una sababu zake. Kwenye Bonde la Ufa mmomonyoko hufukua mifupa na majivu ya volkano husaidia kuipa umri. Pwani, uwanda wa kale umefunikwa na bahari, na udongo wenye unyevu na tindikali huila mifupa. Mahali pa kuihifadhi ni kwenye mawe ya chokaa, na hayo tunayo, kutoka kilima cha Wazo hadi mapango ya Amboni.

Ila mawe hayohayo ndiyo malighafi ya saruji, na Wazo imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1960. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatoa msingi wa kulinda kilichogunduliwa, lakini pango ambalo hakuna mwanaakiolojia aliyeingia halina wa kulitetea mbele ya baruti. Kwa hiyo ukaguzi utangulie leseni ya machimbo, na fedha za utafiti zitengwe kwa miaka, si kwa msimu mmoja. Panga ya Saidi ingechimbwa mwaka 2010 peke yake, ripoti yake isingekuwa na mtoto yeyote.